Kuwapenda Watu Ambao Hawajawahi Kuzaliwa



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuyaweka kando masomo ya Dominika na kuzungumzia vitabu vya hadithi. Yamkini baadhi yenu mtashangaa. Mmezoea kutusikia tukilalamika kwamba Biblia zenu zimejaa vumbi kabatini, na sasa padre yule yule anawaletea riwaya. Mvua za Kwai zilitufungia ndani siku nne mfululizo, ukungu ukakataa kupanda hata saa sita mchana, magari ya kabichi yakawa yanateleza kwenye kona, nasi tukasoma. Hata hivyo sababu yenyewe si mvua. Ipo hoja tuliyoletewa na muumini mmoja, na tutaifikia.

Tuanze na Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, Unguja. Alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kwa miaka kumi, kisha akaingia katika magazeti, na tangu mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo. Sisi wa Kwai tunaifurahia habari hii kuliko wengine, kwa maana tangu Wajerumani waweke hapa kituo chao cha majaribio ya kilimo mwishoni mwa karne ya 19, mahali hapa hapajapumzika kupandwa kitu. Mhariri huyo wa habari za wakulima ndiye aliyemtunga Bwana Msa. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957/58, na ilichapishwa mwaka 1960. Ndani yake anatokea mtu mwenye kiko mdomoni na subira nyingi, anayeyachunguza mauaji yaliyotokea mahali pa mzimu bila kuuogopa mzimu wenyewe.

Mtunzi hakumwacha tena mtu huyo. Kikafuata Kisima cha Giningi (1968), kisha Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976), na Kosa la Bwana Msa (1984). Vitabu saba, miaka 24, na mtu ni yule yule, pamoja na sahibu yake Najum.

Wajuzi husema kwamba Bwana Msa ni wa ukoo mmoja na Sherlock Holmes wa Uingereza, nao wanasema kweli. Lakini angalieni jinsi watunzi wawili hawa walivyowatendea watu wao. Arthur Conan Doyle alimchoka Holmes, akamuua mwaka 1893 kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi. Wasomaji wakanung'unika miaka kadhaa, hata mwaka 1903 akalazimika kumrudisha akiwa hai. Muhammed Said Abdulla hakumuua Bwana Msa. Alichomfanyia, baada ya miaka yote hiyo, ni kumwandikia kosa, na kosa hilo akaliweka katika jina la kitabu ili kila mtu alione. Sisi tunaona hapo tendo la mtu anayempenda mwenzake wa siku nyingi: amemjua kiasi cha kutohitaji tena kumlindia sifa.

Na kwa kuwa sisi ni padre, mtatusamehe tukimtaja pia Padre Brown, mpelelezi wa G. K. Chesterton, aliyeanza kuonekana mwaka 1910 na kuendelea hadi mwaka 1936, mwaka ambao mtunzi wake alifariki. Chesterton alimchora kwa kumtazama padre halisi, John O'Connor, na padre huyo huyo ndiye aliyempokea katika Kanisa Katoliki mwaka 1922. Padre Brown humtambua mhalifu kwa kuingia moyoni mwake, kama mtu aliyesikiliza maungamo mengi. Katika hadithi za mwanzo yupo mwizi mkubwa, Flambeau. Mtunzi mwingine angempeleka gerezani na kumsahau. Chesterton alimwongoa, akamfanya rafiki wa padre na mpelelezi kama yeye. Mtu hafanyi hivyo ila kwa mhusika aliyeshindwa kuachana naye.

Hadithi za Bwana Msa ni za upole. Yamo mauaji, ndiyo, lakini damu haipakwi ukutani ili msomaji asisimke. Mafumbo yake mengi hukaa ndani ya ukoo: nani ni mtoto wa nani, nani alimwoa nani, nani amefichwa urithi wake. Yeyote aliyewahi kuketi katika kikao cha usuluhishi cha ukoo hapa Usambara anajua kwamba nyumba nyingi zimevunjwa na siri za namna hii, na chache mno zimevunjwa na bastola.

Tulipokuwa seminari ndogo ilikuwapo nakala moja ya Kisima cha Giningi iliyong'olewa kurasa za mwisho. Hatukujua nani alizing'oa. Karatasi shuleni ilikuwa na kazi nyingi. Tulikuwa vijana kama arobaini, tukikipokezana kitabu chini ya dawati, na kila aliyefika mwisho alilazimika kuutunga mwisho wake mwenyewe na kuwasimulia wenzake bwenini. Wapo waliowanyonga washukiwa wote kwa pamoja. Mwenzetu mmoja, ambaye leo ni mwanasheria, aliwaachia wote huru kwa kukosa ushahidi. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemuua Bwana Msa. Katika miisho ile arobaini, kila mara alirudi nyumbani akawasha kiko. Hatukumdharau Willy Gamba wa marehemu Elvis Musiba, naye tulimsoma chini ya dawati lile lile, moyo ukitudunda. Ila Willy Gamba hatukuwahi kumwombea mema kabla ya kulala. Bwana Msa tulimwombea.

Wapo watakaosema kwamba padre apendaye hadithi za upole anaikimbia dunia. Basi tuwaeleze dunia yetu jinsi ilivyo. Kuna juma moja mwaka huu tulizika watu watatu, na mmoja wao alikuwa mtoto mchanga wa siku mbili, ambaye jeneza lake baba yake alilibeba peke yake kwa mikono miwili, akipanda kilima bila kukubali kusaidiwa. Tuliporudi nyumbani usiku ule hatukutaka kusoma habari za mtu anayechinjwa kwa ustadi. Tulitaka kukaa kidogo na watu wanaosalimiana, wanaokaribishana chai, wanaosema kweli polepole. Asubuhi tulirudi kwa yule baba. Hatuoni kwamba tulimkimbia.

Sasa tuifikie hoja. Binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye ametupa ruhusa ya kusimulia haya mradi tusiseme ni wa kigango gani, alitungoja baada ya Misa nje ya sakristia akiwa na daftari kubwa, lile wanafunzi waliitalo kaunta buku. Ndani yake ameandika hadithi ya bibi anayetoka Kwai alfajiri, tenga la mapea kichwani, kwenda sokoni Lushoto. Ni hayo tu. Bibi anapumzika juu ya jiwe moja, ambalo ni lake kwa sababu amelikalia miaka mingi. Kijana wa bodaboda anamsihi ampakie bure, naye anakataa kwa kuwa mapea yatapondeka. Anamsalimu kila anayepishana naye, na mwandishi ameyataja majina yote, hata la mbuzi.

Mtu mzima mmoja aliyeombwa kuisoma aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba hadithi haina mgogoro, na kwamba bibi huyo afadhali afe, angalau agongwe na gari, ili hadithi iwe na uzito. Binti akatii. Akaandika ukurasa wa kifo. Kisha akalia usiku kucha, mama yake akidhani ni malaria, na kulipokucha akauchana ukurasa ule.

"Baba," alituuliza, "ni dhambi kumlilia mtu ambaye hayupo? Na nikimwacha hai, ninaandika uongo?" Akaongeza kwamba akishindwa kumuua ataacha kuandika kabisa, kwa maana inaelekea hana moyo wa kazi hiyo. Tukamuuliza kama bibi huyo ni mtu anayemfahamu. Akajibu kwa sentensi moja kwamba bibi yake mzaa mama, aliyemlea, alifariki yeye akiwa darasa la saba, na siku hiyo alikuwa shuleni. Hatukuuliza zaidi.

Swali lake la kwanza lina mzizi mrefu kuliko alivyojua. Mtakatifu Augustino, katika Maungamo yake, anakumbuka alivyokuwa mwanafunzi akimlilia Dido, malkia wa Karthago katika utenzi wa Virgilio, aliyejiua kwa ajili ya mapenzi. Augustino anajilaumu: alikuwa na machozi kwa malkia wa kitabuni, wala hakuwa na machozi kwa roho yake mwenyewe iliyokuwa mbali na Mungu. Seminarini tulifundishwa kifungu hicho kama onyo, nalo ni onyo la haki. Tunawafahamu watu wanaolia mbele ya tamthilia ya runinga saa mbili usiku, na mjane wa jirani hawajamwuliza hali tangu arobaini ya mumewe.

Lakini Maandiko Matakatifu yana kisa kingine. Nathani alipotumwa kwa Daudi baada ya mauti ya Uria, kama tusomavyo katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, hakuanza kwa kumshtaki. Alimsimulia habari za maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Maskini yule hakuwako. Mwana-kondoo hakuwako. Nabii aliwatunga. Na tazameni anavyokawia juu ya mnyama yule mdogo, jinsi alivyokua pamoja na watoto wa nyumba ile, alikula wapi, alinywa wapi, alilala wapi, kama vile hana haraka yoyote na mfalme mbele yake hana jambo zito la kujibu. Daudi akawaka hasira kwa ajili ya viumbe ambao hawakuwako, na mlango huo ndio uliomwingiza katika toba. Kama msimulizi asingempenda mwana-kondoo, mfalme asingekasirika. Basi tulimjibu binti kwamba si dhambi, aendelee kulia akitaka, ila mama yake amwambie kwamba si malaria.

Swali la pili lilitupa kazi zaidi. Tulilirudisha nyumbani, tukalilalia, na msaada tuliupata kwa Shaaban Robert, mwana wa mkoa wetu wa Tanga, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Wengi wenu mlikisoma shuleni Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Kumbukeni: Adili ana manyani wawili, na kila usiku huwapiga. Akisha kuwapiga hulia, kisha huwapa chakula kizuri. Mfalme anapopata habari, siri inafichuka. Manyani wale ni ndugu zake wa kuzaliwa, waliomtupa baharini kwa husuda, na jini aliyewageuza amemwamuru Adili awapige kila usiku.

Asili ya kisa hiki ni Alfu Lela U Lela. Huko wanyama ni mbwa, na ndugu wale, wakisha kurudishiwa ubinadamu wao, huurudia uovu na kuishia pabaya. Shaaban Robert hakuukubali mwisho huo. Katika kitabu chake msamaha unaombwa, unatolewa, na nduguze Adili wanarudi kuwa watu na kutubu. Wapo wasomi wanaoona hapo udhaifu, kwamba mtunzi amewaonea huruma mno watu wake. Sisi tunawaomba warudi kwenye chumba kile cha usiku. Kipigo hakikuondolewa kitabuni. Kipo, tena kila siku, na anayepiga ndiye anayelia. Kinachokosekana ni watazamaji wa kushangilia.

Hilo ndilo tulilomwambia binti, kwa maneno machache kuliko haya. Adili alipiga kwa sababu palikuwa na sheria iliyomlazimu. Bibi wa mapea ameamriwa kugongwa na gari kwa sababu msomaji mmoja alichoka. Hizo ni amri mbili tofauti, na mwandishi ana haki ya kuuliza ni ipi aliyopewa.

Msidhani tunasema kwamba hadithi njema ni ile isiyo na kifo. Marehemu Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alipita seminari kama sisi, na riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), ina jina alilolitoa katika Litania ya Bikira Maria. Kitabu hicho kiliwahi kuzuiwa shuleni. Rosa anajiua. Tumewasikia mapadre wenzetu wakikiita kitabu kisicho na huruma, nasi hatukubaliani nao. Mtunzi hakumwacha Rosa kaburini akaenda zake. Alimfuata mpaka mbele ya hukumu ya Mungu, na huko Zakaria, baba mlevi aliyemharibia malezi, naye anapaswa kujibu. Kitabu ni kikali, ila aliyekiandika alikuwa na uchungu na yule binti. Anayetaka kuwa mkali na aanzie hapo.

Kadhalika upo upole ambao ni wa uongo. Tunaipenda Utubora Mkulima, iliyotoka mwaka 1968, miaka sita baada ya Shaaban Robert kufariki. Mtu anayeacha kazi ya mjini akashike jembe hahitaji kutetewa katika parokia ya wakulima. Lakini jina lake limebeba utu na ubora kwa pamoja, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumwazima jembe: utaogopa kulirudisha likiwa na udongo. Bwana Msa ungemwazima chochote.

Kwa sababu hiyo tulilirudia daftari la binti tukatafuta mahali ambapo upole wake umeruka jambo, na tukapaona. Bibi anafika sokoni, anauza mapea, anarudi. Kwa bei gani? Hakuandika. Ninyi mnaotoa kabichi na karoti shambani mnajua kwamba bei hupangwa na dalali aliyesimama karibu na gari, naye anajua fika kwamba mboga haingoji. Mapea nayo hayangoji. Bibi ametembea tangu alfajiri, amekataa bodaboda ili yasipondeke, na sasa mtu anamtajia bei ambayo kama angeijua asingetoka nyumbani. Atafanya nini? Atayabeba tena kupanda kilima? Tulimwambia kwamba mgogoro aliodaiwa upo hapo, wala hauhitaji gari kumgonga mtu. Binti alikunja uso. Dalali huyo alimfahamu kwa jina.

Uliobaki ni ukurasa uliochanwa. Hapa tulimkumbusha Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, ambaye habari zake ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Wazee wanaotusimulia Mbegha hapa kwetu hukaa sana kwenye nyama: alikotoka alikataliwa kwa kuwa aliota kwanza meno ya juu, na alikofika aliwagawia watu nyama ya mawindo yake mpaka wakampenda wakamfanya mfalme wao. Sehemu hiyo wanaweza kuisimulia jioni nzima. Wakifika kwenye kifo chake wanafupisha ghafla. Na kisa chenyewe kinasema kwamba Mbegha alipofariki wazee walikificha kifo chake, wasikitangaze, mpaka mwanawe Buge alipowekwa Vugha. Bila shaka ilikuwa siasa. Lakini tunashuku pia kwamba walikuwa hawajawa tayari kulitamka neno lile, nao walikuwa watu wazima wenye mvi. Binti wa miaka kumi na sita na asiharakishwe. Ukurasa ule ataweza kuuandika akiwa na miaka thelathini, au asiuandike.

Dominika iliyopita alikuja tena. Hajaacha kuandika. Alikuwa amekwenda kwa akina mama watatu wa jumuiya yake kuwauliza kilo ya mapea ilinunuliwa shilingi ngapi mwaka ambao bibi yake alikuwa bado anakwenda sokoni, na kila mmoja alimtajia bei tofauti. Kwa hiyo bibi bado amekaa juu ya jiwe lake, tenga liko chini, na kijana wa bodaboda anaendelea kumsihi. Mwenye kuikumbuka bei hiyo kwa hakika na afike ofisi ya parokia siku yoyote ya kazi kabla ya saa nane mchana.

Tuonane Dominika, Misa ya kwanza.